Mkalimani wa Wachina Sita

Daktari alimwambia Nzomo asitoe sauti kwa wiki tatu, hata ya kunong'ona, na Nzomo akajibu, "Sawa, daktari." Daktari akamtazama tu. Mkewe Kavata, aliyekuwa ameketi kando yake na kikapu magotini, akamfinya paja.

Nyumbani jambo hilo halikuwa la kuchekesha. Nzomo alikuwa mkalimani wa filamu katika ukumbi wa video wa Salim Hemedi, hapa Kitui mjini, na mwaka ule wa 1989 ni wachache sokoni waliojulikana kumshinda. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, asome maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, kisha awaeleze watu kwa Kiswahili, na kwa Kikamba pale Kiswahili kilipomwishia, ni nini hasa kilichowagombanisha Wachina. Mlio wa farasi aliulia mwenyewe. Panga alizipiga mwenyewe kwa mdomo. Baada ya miaka sita ya farasi na panga, koo lilikuwa limekataa.

Kazi hiyo ndiyo iliyowapa chumba. Kilikuwa nyuma ya ukumbi, kimoja, chenye dirisha moja, na ndani yake waliishi Nzomo, Kavata na binti yao Kalunde. Salim hakukikodisha. Kilikuwa chumba cha mkalimani, na kila mtu alilijua hilo. Ukumbi ukipata mkalimani mwingine, chumba nacho kingepata mtu mwingine.

Salim alifika siku hiyohiyo, akiwa amefuatana na mwenye bucha ya jirani, mtu aliyeitwa Kiilu, ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale ila kusikia. Salim alisimama mbele ya Nzomo akapaza sauti kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"POLE SANA, NDUGU YANGU!"

Nzomo alichukua daftari la shule la binti yake akaandika: *Mimi si kiziwi.*

"Ni kweli, ni kweli," Salim alisema, akazidi kupaza sauti. "SIKILIZA! JUMAMOSI NI SIKU YA SOKO! Nimepata mkanda mpya kutoka Mombasa. Wachina, vita vya zamani, ngome, mashujaa sita! Hata Machakos haujafika. Siwezi kuweka picha kama hiyo na mkalimani bubu. Nimemwita Mwangangi wa Mwingi."

"Umemwita kwa hiyo Jumamosi moja tu?" Kavata aliuliza.

Salim aliangalia dirisha, akaangalia kitanda. "Mwangangi haji kwa siku moja, mama Kalunde. Anakuja na godoro."

Basi Kavata akalisema lile alilokuwa akilifikiria tangu hospitalini. "Wacha mimi nishike maikrofoni, mpaka huyu apone. Hizo picha nazijua. Kila siku nauza chai pale mlangoni, naona kila kitu."

Kiilu alianza kucheka kabla Salim hajafungua mdomo.

"Wewe umesoma Kiingereza?" Salim aliuliza.

"Nilifika darasa la nne."

"Darasa la nne! Maandishi yanapita mbio pale chini, mama, hata mwalimu anayakosa. Na mwanamke atapigana vita vipi kwa mdomo?"

"Kwa mdomo ndiyo wanapigananga!" Kiilu alisema, akajipiga mapaja kwa kufurahishwa na nafsi yake.

"Wewe uza chai," Salim akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. "Chai yako ni nzuri sana. Hilo hakuna mtu anakataa."

Walipoondoka, Kavata alimgeukia mumewe. Nzomo alikuwa ameinamia daftari na kalamu mkononi, lakini hakuandika kitu.

*

Mama yake Nzomo alifika kutoka kijijini Nuu Ijumaa, na kuku chini ya kwapa, kuja kumuuguza mwanawe. Yeye ndiye Kalunde mkubwa. Mjukuu wake, kama ilivyo desturi ya Wakamba, alikuwa amepewa jina lake, kwa hiyo ukiita "Kalunde!" katika chumba kile waliitika wawili, na Kavata alilazimika kumwita binti yake mwenyewe kwa heshima kidogo, maana huwezi kumkemea mtoto mwenye jina la mama mkwe.

Kalunde mkubwa alikuwa mkunga. Nusu ya Nuu ilikuwa imepita mikononi mwake. Alikuwa pia mtu wa kanisa asiyecheza, na kwa miaka sita hakuwa amekanyaga mle ukumbini, ingawa mlango ulikuwa hatua kumi kutoka alikolala akija kuwatembelea.

"Mungu amechoka na kelele zako," alimwambia mwanawe huku akimchinjia kuku. "Nilikwambia. Mtu mzima analia kama farasi!"

"Mwaitu," Kavata alisema, kwa maana hivyo ndivyo alivyomwita, mama yetu, "hizo kelele ndizo zimetupa hapa pa kulala."

"Nuu kuna pa kulala."

"Nuu kuna ukame wa mwaka wa pili, mwaitu. Na huyu mtoto anasoma hapa."

Kalunde mkubwa aliendelea kunyonyoa kuku. Alijua ukame kuliko yeyote pale.

*

Jumamosi saa sita Mwangangi wa Mwingi aliteremka mjini akiwa na viatu vinavyong'aa na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Alilisimamisha godoro lake kwenye ukuta wa chumba, karibu na mlango, pale Kavata alipokuwa akipika chai. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, akapewa kikombe, akaomba sukari zaidi, kisha akanyoosha kidole nyuma ya mabega ya Kavata.

"Hiyo dirisha inafungika vizuri, mama? Mimi kifua yangu haitaki baridi."

"Inafungika," Kavata alisema. Aliona haya kama aliyekutwa ndani ya nyumba ya watu.

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wakawa wamekaa sakafuni mbele ya mabenchi. Wauza mbuzi walikuwepo, na makarani, na vijana wa shule, na akina mama waliomaliza kuuza pojo zao. Ilikuwa shilingi tano kila kichwa. Kavata alisimama mlangoni na birika lake. Nzomo hakuingia. Aliketi kitandani, upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo kila neno la kipaza sauti lilisikika, akajifanya anasoma daftari la hesabu za mtoto.

Mwangangi akapuliza maikrofoni. "Wapenzi watazamaji! Leo mko na fundi!"

Picha ikaanza. Ngome kubwa mlimani, bendera, ngoma, mzee wa ndevu nyeupe juu ya farasi mweusi akitoa amri. Mwangangi alikaza macho chini ya kioo cha televisheni, mahali maandishi ya Kiingereza huwa yanapita. Hapakuwa na kitu. Mzee akasema sana, akanyamaza, akasema tena.

"Maandishi yanakuja," Mwangangi aliwatuliza. "Hii ni mwanzo tu."

Hayakuja. Mkanda ule ulikuwa wa Wachina wenyewe, haukuwa umewekewa Kiingereza hata herufi moja. Ilipita dakika moja, mbili, tano. Mwangangi alianza kutokwa na jasho.

"Sasa huyu... huyu ni mtu mbaya. Anasema atawaua. Halafu huyu... hapana, ngoja, huyu ni mzuri. Yule mwingine ndiye mbaya. Au ni huyuhuyu?"

"Ni nani sasa?" mtu akauliza.

"Wanaume sita, wamevaa chuma zote sawa, tutajuaje nani ni nani?"

"Fundi, hebu fundika!"

Ganda la muwa likaruka, likampiga Mwangangi begani. Kisha likaja la pili. "Rudisha shilingi tano!" vijana walianza kuimba, na Salim, aliyekuwa nyuma na mkoba wa tiketi, akaukumbatia mkoba huo kifuani.

Wakati huo, kwenye kioo, mvua kubwa ilikuwa inanyesha, na mwanamume mmoja alikuwa anaingia lango la ngome akichuruzika maji kuanzia kofia hadi kiatu.

"Huyo ni Wambua!" Kavata alisema kutoka mlangoni.

Watu wakageuka.

"Amekuja na mvua," akasema. Alishangaa kusikia sauti yake imefika mbali. "Aliyekuja na mvua anaitwa nani kwa Kikamba? Si Wambua?"

Kicheko kikapita mabenchini, kicheko kizuri. Kila mtu mle alikuwa na Wambua kwao, aliyezaliwa mbua, yaani mvua, ikinyesha.

"Na yule wa taa, aliyeingia usiku?" mzee mmoja akauliza.

"Mutuku. Na huyu aliyetokea jua likichomoza ni Kioko. Huyu walimkuta njiani na mzigo, ni Kyalo. Yule mnene mlimwona mara ya kwanza akipigana, hata hamkuona sura yake. Ni Makau, wa vita."

"Makau!" ukumbi ukaitikia. Ghafla wanaume wale wa chuma hawakufanana tena. Watu walianza kuonyeshana kwa vidole: kuleee, Kioko, kando yake Mutuku, huyo anayechechemea.

Salim alikuja akamshika Kavata kiwiko, akampitisha katikati ya magoti ya watu. Mwangangi aliiona maikrofoni yake ikijiwa.

"Bwana Salim, mimi ndiye fundi. Huyu mama anauza chai."

"Mpe mama!" sakafu ikapiga kelele. "Mpe mama!"

Akampa. Kavata aliishika ile maikrofoni yenye joto la mkono wa mtu mwingine. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaketi.

*

Neno moja la Kichina hakulijua, na la Kiingereza hakulihitaji. Kwa miaka sita alikuwa amewatazama Wachina usoni, kwa sababu kule mlangoni maandishi hayakuonekana. Alijua jicho la mtu anayedanganya. Alijua namna mama mkwe anavyoshusha kikombe akiwa amekasirika, na akina mama wakwe wa Uchina walikishusha vilevile.

Akamwona mwanamke mwenye mimba kubwa, amevaa nguo nyeupe za msiba, analindwa na wale sita. Akamwona tena mzee wa ndevu nyeupe, na jeshi lake nje ya lango, akiitazama ngome kama mtu anavyotazama ng'ombe aliyekwisha kumhesabu kuwa wake.

"Haya, nisikilizeni," Kavata alisema. "Mfalme amekufa. Huyu mama ni mjane wake. Na huyu wa ndevu ni ndugu ya marehemu. Anataka urithi! Anataka kula shamba la ndugu yake kabla mtoto hajazaliwa!"

Mngurumo ukatoka mabenchini. Katika wilaya nzima hakukuwa na ukoo usio na baba mdogo wa namna hiyo. Mwanamke mmoja wa pojo alisimama akamwonyesha yule mzee kidole: "Wewe! Wewe nakujua!" Kuanzia hapo hapakuwa na mtu aliyeuliza vita ni vya nini.

Upande wa pili wa ukuta Nzomo alikuwa ameweka daftari chini. Aliusikia ule mngurumo. Ulikuwa wake, miaka sita ulikuwa wake, na sasa ulikuwa unamwitikia mtu mwingine. Ilimuuma, tusifiche. Hata hivyo alijikuta amesogea, sikio limegusa ukuta.

Shujaa wa sita alichelewa kupata jina. Alikuwa kijana mwenye tabasamu, mpendwa wa wote. Aliondoka kwa farasi kwenda kutafuta msaada, akafika mbali, halafu akageuza, akarudi mbio hadi langoni, akaokota mjeledi aliokuwa ameusahau, akacheka.

"Huyo ni Musyoka!" Kavata akasema, bila kufikiri mara mbili. "Amerudi. Ni Musyoka."

Watu wakapiga makofi. Musyoka ni mwenye kurudi, jina lenyewe linasema. Akaenda zake, na ukumbi mzima ukamngoja kwa raha, kwa kuwa jina lake lilikuwa limewaahidi.

Saa moja baadaye alirejea kweli, na msaada wa watu wachache nyuma yake, na palepale langoni mishale kumi ikampata kifuani. Akaanguka. Picha ilimwonyesha uso, macho wazi, mvua ikimnyeshea. Amekufa, hapakuwa na shaka.

Kiilu wa bucha akainuka.

"Mama! Umesema huyo ni Musyoka!"

"Nilisema."

"Musyoka anakufaje? Si ni wa kurudi? Mrudishe!"

"Mrudishe!" wengine wakadaka. Hawakuwa wakitania. Kulikuwa na mzee aliyekuwa na machozi. "Umetudanganya na jina! Mtu hapewi jina ovyo!"

Mwangangi, aliyekuwa ameegemea ukuta, alicheka kwa sauti. "Fundi wa majina! Angengoja amalize kuona picha kwanza."

Alisema kweli, na Kavata alilijua. Hakuwa ameiona picha ile. Hakujua dakika ijayo ina nini. Watu wa nyuma walianza kusimama, na mbele yake hakuona tena ngome ila godoro lenye kamba ya katani, limesimama mlangoni kwake.

"Kaeni," akasema. "Kaeni chini. Jina sikulitoa bure."

Hakujua atawaambia nini baada ya hapo.

Kwenye kioo lango lilikuwa linagongwa na gogo. Ndani ya ngome, mjane alijishika kiuno akapiga yowe, na wanawake wakamkimbilia na mashuka na maji ya moto. Yowe lile lilipita kwenye kipaza sauti, likatoka nje, likavuka hatua kumi. Wanaume ukumbini waliangalia miguu yao. Mambo hayo hayakuwa ya wanaume kutazama.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Kalunde mkubwa, kitambaa kimemwanguka shingoni.

"Ni nani anazaa hapa?"

Akaona kioo. Akasogea hadi mbele, akiwakanyaga watu, na kwa muda akasahau shetani na mambo yake yote.

"Mbona wamemlaza chali? Wajinga hawa! Apige magoti! Mama, piga magoti, shika kamba!"

Na kama vile amesikia, yule mjane akageuka, akapiga magoti, akashika nguzo ya kitanda. Kalunde mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gogo liligonga lango. Mjane akalia. Gogo likagonga tena. Halafu, katikati ya kishindo hicho chote, mtoto akalia, na mkunga wa Kichina akamwinua juu wote wamwone. Alikuwa wa kiume.

Kavata akasimama. Sasa alijua.

"Mmeniuliza Musyoka yuko wapi!" Sauti ilimtoka bila kuhitaji maikrofoni. "Nani hapa hana jina la mtu aliyelala kaburini? Wewe Kiilu, Kiilu wa kwanza si ni babu yako? Mtu amekufa langoni kwa ajili ya huyu mama. Mama amejifungua leo, saa hii, damu ya yule haijakauka. Atamwita mtoto nani?"

Ukumbi ulivuta pumzi.

"Musyoka!" Kiilu mwenyewe alilisema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeshindwa kwa furaha.

"Nusyokie!" Kavata akapaza kwa Kikamba. Amerudi!

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Kalunde mkubwa. Kilikuwa kile alichowapigia watoto wa Nuu miaka arobaini, kirefu, chenye kutikisa bati. Akina mama wa pojo wakakipokea. Wanaume wakarusha kofia. Watu watatu walikumbatiana bila kufahamiana. Lango la ngome lilipovunjika na maadui kumiminika ndani, Makau alikuwa tayari amemfunga mtoto mgongoni kwa shuka, na ukumbi ukapigana naye pigo kwa pigo: "Kushoto, Makau! Linda Musyoka! Nyuma yako, Wambua!" Yule mzee wa ndevu nyeupe alipoangushwa na Mutuku anayechechemea, kelele zilisikika hadi steji ya mabasi.

*

Saa kumi na moja watu walikuwa bado wamejaa nje, wakisimuliana kitu ambacho wote walikuwa wamekiona. Mwangangi alikuja kuchukua godoro lake. Kavata alimmiminia chai, akamtilia sukari nyingi bila kuombwa.

"Mama," alisema, akikoroga polepole, "mimi nilikuwa nangoja maandishi. Hata sikuangalia picha."

Alimaliza kikombe, akashukuru, akajitwika godoro begani akaenda zake kutafuta gari.

Salim aliingia chumbani na tabasamu. Safari hii hakuja na Kiilu, na hakupaza sauti. Aliketi pale alipoonyeshwa. Kalunde mkubwa alikuwa pembeni akijifunga kitambaa upya na kueleza, bila kuulizwa, kwamba aliingia kule kwa sababu ya kazi.

"Wiki tatu hizi mama Kalunde ashike," Salim alisema. "Nzomo akipona arudi mahali pake. Chumba chenu, hakuna maneno. Ni sawa?"

Kavata alimtazama mumewe. Alilijua jibu alilolitaka yeye mwenyewe, likamtia hofu, kwa kuwa mahali hapo palikuwa pa Nzomo na alimpenda. Nzomo alichukua daftari. Aliandika, akafuta. Kisha akaandika tena, akachana karatasi, akampa Salim.

Salim akasoma kwa sauti: "*Mimi nitauza chai.*" Akaanza kucheka. Akaona kwamba amecheka peke yake, akaacha.

"Unasema kweli?"

Nzomo akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, lakini alikuwa amemshika Kavata mkono, na hakuuachia mbele ya mama yake wala mbele ya tajiri.

Salim alikunja karatasi ile akaitia mfukoni, kama watu wanavyoweka mkataba. Alisimama, akakohoa, akatafuta namna ya kumwita mtu ambaye asubuhi alikuwa mama wa chai.

"Basi, mkalimani," alisema. "Jumanne naenda Mombasa. Nikuletee mkanda gani?"

"Lete wowote," Kavata akasema, "bora usiwe na maandishi."